Namba Chini ya Chupa

Chupa ilinuka viatu.

Kiilu aliinusa tena kuhakikisha, kisha akamsukumia Marion juu ya meza. "Nusa."

"Afande, nimekuja unitafutie mtu, si ninuse chupa."

"Nusa kwanza. Na mimi si afande tena."

Marion akainama, pua ikagusa shingo ya chupa pale gololi ilipokaa. Akarudi nyuma. "Polishi. Ile nyeusi ya viatu."

"Ehe. Sasa niambie wewe. Eti ni chupa ya soda iliyozikwa kwa jaa la reli tangu siku za mkoloni. Ilikuwa inavaa viatu huko chini?"

Siku nyingine Marion angecheka. Leo alikaa ukingoni mwa kitanda, kwa sababu chumba hicho cha Kiilu huko Mbotela kilikuwa na kiti kimoja na Kiilu alikuwa amekikalia, akaisokota leso yake mpaka ikawa kamba. Bwanake, Opicho, alikuwa rumande tangu mwezi uliopita. Jana alipoenda kumwona, Opicho alikohoa kwa kiganja, halafu akakificha kiganja nyuma kama mtoto aliyeiba sukari. Marion alishaona. Ilikuwa damu. Kesho asubuhi kesi inasikizwa, na hakimu alisema hataki tena habari ya kuahirisha. Opicho akifungwa na kifua hicho, hatatoka akitembea. Hilo Marion alilijua, na Kiilu alilijua.

Kesi yenyewe ilikuwa fupi kama mkia wa mbuzi. Opicho aliajiriwa kwa saiba moja ya Eastleigh, mwaka huo wa tisini na tisa, wakati watu bado wanapanga foleni kuonyeshwa intaneti ni nini. Asubuhi moja akapata mfuko mlangoni kabla hawajafungua. Ndani chupa za soda za zamani, zile za gololi shingoni, na kikaratasi: ziweke kwa mnada wa kompyuta, wazungu wanazipenda. Chini, jina: Kimeu. Opicho akaweka picha, wakusanyaji wa ng'ambo wakashindana bei, parseli zikaenda, pesa ya Kimeu ikaachwa kwa bahasha mahali pale pale. Mfuko wa pili ukaja, na wa tatu. Halafu mzee mmoja huko Uingereza akagundua ameuziwa feki. Akaripoti polisi. Karao wakasoma jina lililo kwa parseli, na jina lilikuwa moja tu, la Opicho.

"Kimeu ni nani?" walimuuliza.

"Sijawahi kumwona."

Walicheka hadi wakashika ukuta.

"Hata mimi ningecheka," Kiilu alimwambia Marion siku ya kwanza. "Bwanako ni mjinga. Lakini mjinga na mwizi si mtu mmoja."

Sasa mezani kulikuwa na chupa mbili. Moja Marion aliitoa chini ya kitanda chake, karao walipekua wakaiacha. Ya pili ilikuwa ya ukweli. Kiilu aliiazima kwa Muturi, muuza chupa wa Gikomba, baada ya kuapa kwa mama yake kwamba atairudisha nzima. Akazilaza bega kwa bega karibu na dirisha.

"Angalia huu mshono, pale kalibu ilifungana. Kwa hii ya Muturi unapanda, unapanda, halafu unakufa hapa chini ya mdomo. Mdomo ulimaliziwa na mkono wa mtu, kioo kikiwa bado moto. Sasa angalia ya Kimeu."

"Haina mshono."

"Iko nao. Gusa."

Marion akapitisha kidole. "Kuna mahali panakwaruza."

"Ulikuwa unapanda mpaka juu, kwa sababu hii ni chupa ya mashini, mpya. Mtu ameufuta na msasa. Na ona alivyofuta. Mikwaruzo yote inaenda njia moja, juu chini, juu chini, imenyooka kama imechanwa na kitana. Chini ya hii ya Muturi mikwaruzo inaenda kila upande, maana miaka yote iliburutwa kwa meza za watu."

"Basi ni feki. Hiyo hata korti inajua, afande. Nataka mwenyewe!"

Kiilu akachukua kisu. Alikata ndimu, akaisugua juu ya ule ukungu mweupe ambao kwa picha ulifanya chupa ionekane imezeeka. Ukachuruzika kama uji. Chokaa. Akageuza chupa, akasugua kitako. Polishi ikaanza kutoka, nyeusi, ikamchafua vidole. Chini yake kukatokea kitu.

Akaacha kusugua. Akaipeleka dirishani.

"Nini?" Marion akasimama.

"Sita. Moja."

"Si ni namba ya kiwanda?"

"Ya kiwanda inatokeza nje, imetoka na kalibu. Hii imechimbwa na ncha ya tupa. Mtu amekaa chini, ameshika hii chupa kwa mapaja, ameandika sitini na moja, halafu akaifunika na polishi." Kiilu akaigeuza mkononi. Yeye mwenyewe alizaliwa kwa nyumba ya wachongaji. Kabla ajue kusoma alishajua kusugua swara wa mti na kuwapaka rangi. "Marion, hii si kazi ya mtu wa chupa. Hii ni kazi ya mtu wa miti. Msasa kufuata nyuzi, na kioo hakina nyuzi. Polishi ya viatu ndiyo wanatumia kuzeesha sanamu ya jana ionekane ya babu. Na namba chini. Kila mchongaji wa kikundi ana namba yake."

"Basi twende kwa hao wachongaji!"

"Kwanza saiba. Kama Kimeu ana tamaa ninayofikiria, hajaacha."

Mwenye saiba aliitwa Mwanzia, mtu wa shati safi na maneno matamu, aliyejijengea nyumba huko Komarock na hakukuachia usahau. Lakini alikuwa amesimama na Marion. Aliandika barua ya kumsifu Opicho, akaleta unga mara mbili.

"Niaje, mkubwa. Shemeji, karibu. Leo hamlipi, chukueni mashini yoyote." Kompyuta zisizo na watu zilifunikwa vitambaa vya kijani vya kuzuia vumbi, isipokuwa ile ya pembeni kabisa, iliyofunikwa taulo. Mwanzia akaivua moja nguo yake. "Hii skrini inaumwa rangi lakini inaenda."

Skrini iliumwa kweli. Kila kitu kilikuwa samawati, hata uso wa mtu. Saiba ilijaa, vijana wasio na pesa ya mashini wamebanana kwa benchi, wanabishana mpira. Marion ndiye aliyebonyeza. Opicho alimfunza jioni za mwanzo wa ndoa yao. Akaandika: Nairobi, chupa, soda, ya zamani. Wakangoja. Picha ya kwanza ilianza kushuka mstari kwa mstari, pole pole, kama mtu anayeteremka ngazi gizani. Mdomo. Shingo. Gololi.

"Hakuna mshono," Marion akanong'ona.

"Na mikwaruzo ile ile. Shuka."

Tumbo la chupa. Ukungu wa chokaa. Halafu kitambaa ilicholazwa juu yake, na kwa kona ya kitambaa, alama ya kuungua yenye ncha, kama mtu alisahau pasi.

"Imewekwa lini?"

Marion akasoma. Akasoma tena kwa sauti iliyovunjika katikati. "Juzi. Afande, juzi! Opicho alikuwa ndani!"

"Punguza sauti."

"Alikuwa ndani! Ataweka aje chupa kwa mnada akiwa seli?"

Vichwa viligeuka. Kiilu akamkalisha kwa bega. Jina la muuzaji lilikuwa jipya, lisilo na maana. Mnada unafungwa kesho. Mtu wa Kanada alishatoa bei.

"Mwanzia! Tuchapie hii."

"Mkubwa, printa imekataa tangu asubuhi. Wino."

Kiilu alitukana kimya kimya. Akafikiria. Wakiripoti, wenye mnada wataitoa hiyo picha. Wasiporipoti, Mkanada anaibiwa na Kimeu anakula tena. "Andika namba ya hiyo chupa kwa mkono. Halafu ripoti. Tukitoka tunachapa kwa jirani."

"Niandike nini?"

"Waambie hiyo chupa ni feki na wewe unajua kwa nini. Mshono umefutwa na msasa. Uzee wake ni chokaa, ndimu inautoa. Kitako kimepakwa polishi."

Marion alitafsiri kwa Kiingereza huku akiandika. "Kwa heshima?"

"Kwa haraka. Waambie kuna mtu amefungwa kwa hizo chupa na si yeye. Waambie aliyezitengeneza ameacha namba ya wachongaji chini, sitini na moja, na leo leo tunaenda kumtoa."

"Namba gani hiyo, mkubwa?" Mwanzia alikuwa nyuma yao na kikombe cha chai, anamletea Marion.

"Ya bahati nasibu," Kiilu akasema. "Tuma, Marion."

Ripoti ikaenda. Marion akanywa chai nusu, wakatoka, wakavuka barabara hadi saiba ya Dubow, mzee aliyeuza pia kitenge na betri. Printa ya Dubow ilikuwa nzima. Wakafungua ule ukurasa.

Haukuwepo.

"Wamefanya haraka," Marion akasema.

Dubow akavaa miwani, akasoma lile tangazo dogo lililobaki. "Si wenye mnada. Hapa wameandika muuzaji mwenyewe ndiye ametoa bidhaa."

"Lini?"

"Sasa hivi."

Kiilu alisimama katikati ya vitenge. Ushahidi wa pekee kwamba Opicho si Kimeu ulikuwa umekufa wakivuka barabara. "Kuna mtu ametusoma," akasema. "Kwa ile saiba kulikuwa na macho mengi, na mimi nikaropoka kama konda wa matatu."

"Sasa?" Marion alikuwa amemshika mkono wa koti. "Afande, sasa?"

"Sasa imebaki namba."

Kikundi cha wachongaji kilikaa kwa banda la mabati nyuma ya nyumba za kanjo, yaani baraza la jiji, hapo hapo Mbotela, upande wa Jogoo Road. Ndani wanaume walikaa chini wamenyoosha miguu, mashoka madogo yanapiga kwa mpigo mmoja. Kiilu hakusalimia sana. Alienda kwa rafu za mali iliyo tayari, akaanza kupindua twiga mmoja mmoja na kusoma chini ya miguu.

"We!" Mzee Ndete, mwenyekiti, akainuka na shoka mkononi. "Unapindua twiga wangu kama unawatafuta kupe?"

"Wĩ mũseo, mzee," Kiilu akamsalimia kwa Kikamba. "Natafuta sitini na moja."

"Kuna nini na sitini na moja?"

"Ni ya nani?"

"Ya Nzivo."

"Nipeleke kwake."

"Labda twende na jembe. Nzivo yuko chini tangu mvua za mwaka jana."

Marion akatoa sauti, si kilio, ni hewa tu iliyomtoka. Akakaa juu ya gogo. Mashoka yakanyamaza. Kiilu akaitoa ile chupa kwa koti, akampa Ndete kitako chake.

Mzee akaisogeza machoni, akaipeleka mbali, akaileta tena. Akapitisha kidole gumba kwa namba. "Huyu ni nani ametia namba yetu kwa chupa?"

"Si ndio nakuuliza. Marehemu hachongi. Mlimpa mwingine hiyo namba?"

"Namba haipeanwi, kijana. Unajua namba ni ya nini?"

"Ndio kitu kikiuzwa ujue ni cha nani."

"Hiyo ni kidogo. Namba ni ya siku kazi ikirudi. Mzungu amenunua kiboko, amefika kwao, kiboko amepasuka kwa sababu mti ulikuwa mbichi. Anarudisha. Mimi napindua naangalia chini. Mwenye namba anakuja hapa mbele ya watu, anajibu. Sio kikundi, yeye. Kwa hivyo hatupei mtu namba ya mtu." Akamrudishia chupa kama kitu kichafu. "Mwenyewe akifa, inabaki na nyumba yake."

Kiilu akamtazama. Alikuwa amesahau, na hakupaswa kusahau. Mwanaume anachonga, lakini kazi haimalizwi bandani. Inaenda nyumbani. Msasa ni wa mke, polishi ni ya mke, na namba, mwisho kabisa, inatiwa na yule aliye na kazi mkononi.

"Mjane wa Nzivo anaitwa nani?"

"Nthoki. Mlango wa buluu, karibu na mfereji. Na wewe ongea naye vizuri, sio kikarao."

Mama Nthoki alikuwa uani, anachochea makaa chini ya sufuria ya muthokoi, mahindi yaliyokobolewa. Alikuwa mwanamke mkubwa, mwenye mabega, na kucha zake zilikuwa na weusi uliokataa kutoka. Kiilu aliona kucha kabla hajaona uso.

"Mwaitu, mama, hujambo. Mimi ni Kiilu, kwetu ni hapa tu, nyuma ya kanisa. Huyu ni Marion."

"Karibuni. Viti ndio hakuna."

"Hatukai." Akaitoa chupa. "Hii ni yako?"

Nthoki aliitazama, halafu akatazama sufuria. "Si yangu."

"Tumetoka kwa Mzee Ndete."

"Ndete anaongea sana. Si yangu, nimesema."

Kiilu akachungulia mlangoni bila kukaribishwa. Chumba kilinuka polishi. Sakafuni kulikuwa na vumbi la msasa, jeupe, linalong'aa, lisilo la mti. Kulikuwa na alama za maboksi kwa vumbi, mraba mraba, na mburuto hadi mlangoni. Maboksi yenyewe hayakuwepo.

"Zimeenda saa hii," akasema. "Vumbi bado halijalala. Nani amezichukua?"

Nthoki akachochea makaa tena.

"Mwaitu, nani?"

"Kijana, mimi nina nyumba ya watu wanne wanakula kwa hizi mikono. Mtu analeta chupa, anasema zipambwe, zinaenda kwa hoteli za watalii huko pwani. Nazisugua, nazipaka, naangalia kazi yangu. Leo amekuja mbio na pikapu, hata chai amekataa. Amesema nikiulizwa, sijui chupa. Basi, sijui chupa."

"Jina lake."

"Sijui."

Marion akampita Kiilu. Sasa akapiga hatua, akaja akasimama karibu sana na yule mama, na hakuwa na sauti ya kuomba tena.

"Bwanangu anakohoa damu rumande. Kesho watamfunga kwa sababu ya hiyo kazi yako. Walimwambia Kimeu ni mtu wa kutunga. Mama, wewe umemwona na macho. Unamjua. Unapika hapa."

Nthoki akageuza uso. "Pole, mwanangu. Lakini nikisema nimezipaka, ni mimi nitafungwa. Ama si hivyo?" Akamuuliza Kiilu.

Angeweza kumdanganya. Enzi zake za CID angemdanganya bila kufunga kope. "Sijui," akasema. "Wanaweza kukushika. Siwezi kukuapia."

"Basi."

"Basi," Kiilu akakubali. Hakuwa na kitu kingine. Saa zilikuwa zinaenda. Akaliangalia lile ua, kamba ya nguo, beseni, cherehani chini ya dirisha na rundo la vipande vya kitambaa. Kijani.

Akainama, akaokota kimoja. "Hii unashona nini?"

"Ah, hiyo. Ni huyo huyo alileta. Vitambaa vya kufunika mashini zake za ofisi. Kimoja nilikiunguza na pasi, na alikichukua tu hivyo, akasema atakipatia kazi." Kisha akagundua ameongea, akarudi kwa sufuria.

Kiilu alibaki na kile kitambaa mkononi. Skrini iliyoumwa, iliyofanya kila kitu samawati, hata kijani. Alama ya pasi kwa kona. Kompyuta zote zimevaa kijani na moja peke yake imevaa taulo, kwa sababu nguo yake ilikwenda kulalia chupa. Printa iliyokataa. Chai iliyoletwa wakati ule ule wa kuandika namba. Na mifuko mlangoni kabla ya kufungua. Ni nani anajua saa ya kufungua kuliko mwenye mlango?

"Marion," akasema pole pole, "unga ulioletewa mara mbili. Ulikula wote?"

"Unga gani? Wa Mwanzia?" Akamwangalia. Akaangalia kitambaa. Mkono ukamwenda mdomoni. "Yesu. Ameketi na mimi. Amelia na mimi!"

"Anaitwa Kimeu," Nthoki akasema, haraka, kama mtu anayekataa kusikia jina lingine.

"Hapa kwako ni Kimeu. Eastleigh ni Mwanzia. Bwana ya huyu alikuwa kijana wake wa kazi. Alimtumia, halafu akamwacha aoze." Kiilu akaiweka chupa juu ya ukuta mdogo wa ua, kitako juu. "Lakini hayo ni maneno yangu. Kompyuta atakuwa ameifuta, chupa amezihamisha. Kesho hakimu ataniuliza nani amemwona Kimeu, na mimi nitasema hakuna. Twende, Marion."

Walifika mfereji. Nthoki alikuwa bado amesimama pale pale. Halafu wakamsikia.

"Wewe, kijana! Hiyo namba uliitoa na nini?"

"Ndimu."

"Inasomeka?"

"Njoo uone."

Alikuja kwa ukuta, akaishika chupa. Hakuisoma kwa macho, aliisoma kwa kidole gumba kama Ndete. "Sikuambiwa nitie," akasema. "Aliniambia nipake weusi chini, basi. Ni mkono tu. Miaka yote, kazi ikiisha, mkono unaandika. Nzivo alikuwa akisema kitu bila namba kimetoka kwa nyumba isiyo na mtu." Akafuta ndimu iliyobaki kwa kanga. "Na iliyofika Uingereza. Imerudishwa?"

"Imerudishwa. Iko kwa karao."

"Na yangu iko chini yake."

"Iko."

Nthoki akatazama makaa, akatazama mlango wake wa buluu. Akavuta kanga mabegani. "Haya. Kazi imerudi."

Saiba ilikuwa imefungwa nusu, mlango wa chuma umeteremshwa hadi kiunoni, na hakuna kijana hata mmoja kwa benchi. Kiilu alimtuma Marion kituoni mbio kuita polisi, akamwambia asilie kwa kaunta, apige kelele. Yeye na Nthoki wakainama, wakaingia.

Mwanzia alikuwa nyuma kabisa, amewapa mgongo, anachomoa nyaya za ile kompyuta ya pembeni. Maboksi yalikuwa yamepangwa kando yake, na taulo limetupwa juu. Kiilu akamgusa Nthoki kiwiko. Hakuhitaji kumwambia la kufanya.

"Kimeu," yule mama akaita, kwa sauti ya kawaida tu, kama mtu anayeuliza msasa.

"Mama, si nimekuambia ukae..."

Alikuwa ameshageuka. Alimwona Nthoki, halafu akamwona Kiilu amekaa juu ya kiti mlangoni. Nyaya zilikuwa bado mkononi.

"Malizia," Kiilu akasema. "Umemwambia akae wapi?"

"Mkubwa, huyu mama simjui. Tuongee. Wewe ni mtu wetu, sisi wote ni watu wa nyumbani..."

"Opicho naye ni mtu wa wapi?"

Mwanzia akapima umbali wa mlango, akapima mabega ya Nthoki, akakaa chini juu ya boksi. Ndani chupa zililia. Nthoki akaenda, akamtoa juu ya boksi kwa mkono mmoja kama anayeondoa paka, akalifungua. Akatoa chupa moja, akaipindua, akafuta kitako kwa mate na kanga. Akaiweka mezani. Akatoa ya pili. Hakuwa na haraka. Moja baada ya nyingine akazipanga zimesimama kichwa chini, namba juu, ili yeyote atakayeingia asome.

Nje kelele za Marion zilisikika kabla ya viatu vya polisi. Kwa sauti yake ungedhani analeta jeshi zima.

Nthoki akakaa kwa benchi, mikono imelala mapajani. "Kijana."

"Mwaitu."

"Watanichukua na mimi?"

Kiilu alisikiliza mlango wa chuma ukipandishwa. "Ndiyo."

Akaitikia kwa kichwa. "Basi mwambie huyo msichana apitie kwangu aniepulie muthokoi. Utaungua."